MTIHANI WA WATU WA MAJI: KARATASI ISITOLEWE BURE



Leo tunaandika juu ya neno ambalo hatulitaji sana katika mikutano yetu, kwa kuwa si neno la mshahara wala la nyumba. Ni neno la yule mtu anayekaa usiku peke yake katika nyumba ya pompi na kutia dawa ndani ya maji tunayokunywa. Nani alimpima akaona kwamba anaijua kazi yake? Na yeye mwenyewe, akiambiwa kesho kwamba kuna mtihani, atajitayarisha namna gani?

Sisi wa mgodi tunajua karatasi ya kazi ni nini. Hakuna kapita mwenye akili anayempa mtu baruti kwa sababu tu amezoea kuwatazama wengine wakilipua. Dereva wa mashine kubwa anaulizwa karatasi yake kwanza. Lakini maji tunayakinga kwenye robine, tunampa mtoto kikombe, wala hatuulizi neno. Baruti ikikosewa inaua walio karibu. Maji yakikosewa yanaingia katika kila lupango kwa njia ya bomba, na hakuna anayesikia mlio.

Hatusemi haya kwa kutisha watu. Wenyeji wa Kalemie, Uvira na Bukama wanakijua kipindupindu kama mkulima anavyojua majira ya mvua. Mwaka 1994, karibu na Goma, kiliua wakimbizi maelfu kwa maelfu katika majuma machache. Kinga yake ya kwanza haiko hospitalini. Iko kwenye mtambo wa maji. Na pale ambapo mtambo hauko au umesimama, iko kando ya ziwa, mkononi mwa yule kijana mwenye sindano anayetia klorini katika bidoni za akina mama. Kijana yule naye ni mtu wa maji. Tunamhesabu katika maneno yote yanayofuata.

Tuangalie kwanza wengine wanafanya nini. Marekani ina sheria ya maji ya kunywa tangu 1974. Ilipotengenezwa upya mwaka 1996, iliagiza majimbo yawe na mpango wa kuwapima na kuwaandikisha watu wanaoendesha mitambo ya maji, na mwaka 1999 serikali yao ikatangaza masharti ya chini ya mpango huo. Mtu awe na cheti cha shule ya sekondari au kinacholingana nacho, awe amefanya kazi hiyo kwa muda, tena ashinde mtihani. Na karatasi yenyewe haidumu milele: inafanywa upya, na mwenye nayo lazima aonyeshe kwamba ameendelea kujifunza. Katika majimbo mengi mtihani ni maswali 100, kila swali na majibu 4 ya kuchagua, na anayepata 70 ameshinda. Madaraja kwa kawaida ni 4, kwa kuwa mtambo wa kijiji hauombi elimu moja na mtambo wa mji mkubwa. Ndugu zetu wa Kivu na Tanganyika waliohamia kule watakutana na mtihani huo kwa Kiingereza. Kama mmoja wao anasoma gazeti hili, hesabu tutakazoandika chini zitamfaa yeye kama zitakavyomfaa mtu wa Likasi.

Sasa sikilizeni habari ya mji mmoja. Uko Kanada, katika jimbo la Ontario, na jina lake ni Walkerton. Ni mji mdogo. Wakati ule ulikuwa na watu karibu 4,800. Mwezi wa Mei 2000 mvua kubwa ilinyesha siku kadhaa. Ikachukua samadi ya ng'ombe kutoka shamba jirani ikaiingiza katika kisima namba 5 cha mji, ambacho hakikuwa kirefu. Ndani ya samadi ile mlikuwamo vijidudu vikali. Watu 7 wakafa. Wengine karibu 2,300 wakaugua, na kati yao wako watoto walioharibika figo.

Je, mji ule ulikosa klorini? Haukukosa. Ulikosa pesa ya kununua vyombo vya kupimia? Haukukosa. Jaji Dennis O'Connor, aliyewekwa kuichunguza habari ile, alitoa ripoti yake mwaka 2002, na kila karani angefaa kujua maneno yaliyomo. Watu wa maji wa Walkerton walitakiwa kupima kila siku klorini inayobaki ndani ya maji. Siku nyingi hawakupima. Walikaa mezani wakaandika 0.5 au 0.75: namba nzuri, namba inayompendeza mkaguzi. Na klorini yenyewe walizoea kuitia kidogo kuliko ilivyoagizwa. Kama wangepima kweli kisimani siku zile za mvua, wangeona klorini yote imeliwa na uchafu, na wangefunga kisima.

Hawakuwa na karatasi? Walikuwa nayo! Ila waliipata bila kozi na bila mtihani, kwa kuhesabiwa tu miaka yao ya kazi.

Hapo ndipo neno letu linapoanza kuuma, na tunajua litawaudhi baadhi ya wenzetu. Kwa maana wazee wetu wa pompi watasema: mimi nina miaka 20 katika kazi hii, pompi ile niliipokea ikiwa mpya, naijua kwa mlio wake, na leo kijana mwenye kalamu aje kuniuliza maswali? Tunawaheshimu. Mara nyingi ni wao walioushika mtambo wakati wakubwa walipokimbia au walipokaa miezi bila kutuma dawa. Lakini tuseme kweli: mtu aliyefundishwa vibaya siku ya kwanza, akarudia vilevile miaka 20, hana elimu ya miaka 20. Ana kosa la siku moja lililozeeka. Na mlio wa pompi haukuambii kama klorini imekwisha ndani ya maji.

Basi hatukubali karatasi itolewe bure kwa mtu yeyote, hata awe baba yetu. Wala hatukubali mtihani uwe fimbo ya kuwafukuzia wazee. Wapewe muda, tuseme miaka 2. Wapewe kozi katika saa za kazi, na mshahara wao usiguswe. Kiisha wafanye mtihani kama wengine. Jaji yule wa Kanada naye alishauri karibu hivyo: waliopewa karatasi kwa miaka yao wafanye mtihani ndani ya miaka 2. Na asiyeshinda mara ya kwanza arudie. Kuna kazi nyingine katika mtambo anayoweza kuifanya wakati anasoma.

Kuna tena karatasi ya shemeji. Hiyo mnaijua bila sisi kueleza. Mtu anaingia ofisini mikono mitupu na kutoka na cheti chenye mhuri, na hakuna siku aliyoshika chupa ya kupimia. Kwa sababu ya karatasi ya namna hii tunataka maswali yatungwe na watu wengine, si shefu wa mtambo uleule, na majina ya walioshinda yabandikwe ukutani mbele ya komini, kila mtu asome.

Mtu ajitayarishe namna gani? Hapa tuna habari njema kwa wafanyakazi wa mgodi: nusu ya kazi mnaijua. Aliyefanya kazi katika kiwanda cha kuosha madini ameona matope yanavyotiwa dawa, yakashikana vipande vipande, yakazama katika birika kubwa la mviringo, na maji meupe yakamwagika ukingoni. Mtambo wa maji ya kunywa unafanya hayohayo. Tofauti ni kwamba mgodini tunayataka matope na kumwaga maji, na huku tunayataka maji na kumwaga matope. Dawa ya kushikanisha ni salfeti ya alumini, ndugu yake ile shabu ya dukani. Kwanza inakorogwa kwa nguvu ili ienee, kiisha polepole ili vipande vikue visivunjike, kiisha maji yanaachwa yatulie, yanapita katika chujio la mchanga, na mwisho kabisa klorini.

Dawa kiasi gani? Buku halitakuambia. Chukua gilasi 6 za maji ya mto wa leo, lita moja moja, tia kila gilasi kipimo chake, koroga, ngoja, tazama ipi imetulia vizuri kwa dawa kidogo kuliko zote. Watunga maswali wanapenda kuuliza hapa: kwa nini dawa iliyofaa jana haifai leo? Kwa sababu jana usiku mvua ilinyesha, na mto wa leo si mto wa jana. Anayejibu kwa kukumbuka namba anakosa. Anayejibu kwa kukumbuka mto anapata.

Hesabu zinawatisha wengi bila sababu. Aliyepita shule ya misioni akachapwa kwa ajili ya kanuni ya tatu anazo hesabu zote anazozihitaji. Tuone moja. Mtambo unatoa meta kyubiki 2,400 kwa siku. Unataka kutia miligramu 2 za klorini kwa kila lita. Ni kilo ngapi kwa siku? Miligramu 2 kwa lita ni sawa na gramu 2 kwa meta kyubiki. Mara 2,400 unapata gramu 4,800, yaani kilo 4.8. Wengi wanasimama hapo, wanaandika 4.8, na wanakosa. Unga ulio ndani ya pipa si klorini tupu. Kama pipa limeandikwa 70 kwa 100, gawanya 4.8 kwa 0.70, na jibu linakuwa karibu kilo 6.9. Tena unga huo unapoteza nguvu ukikaa mahali pa joto na unyevu. Pipa lililosahauliwa mwaka mzima chini ya mabati si la 70 tena, hata kama maandishi yake bado yanang'aa.

Hesabu ya pili ndiyo iliyowaua watu wa Walkerton. Klorini unayotia inagawanyika mafungu mawili: ile inayoliwa na uchafu, na ile inayobaki kulinda maji njiani. Umetia 2.0, umepima imebaki 0.5, basi iliyoliwa ni 1.5. Sasa mvua imekuja, uchafu unakula 2.0 au zaidi. Wewe unaendelea kutia 2.0 kama kila siku, karatasi yako inaonyesha kilo zilezile, na maji yanatoka uchi. Kwa hiyo kilo zilizotumika si ushahidi. Ushahidi ni ile inayobaki, na inayobaki haijulikani ila kwa kupima: kidonge kidogo ndani ya kichupa cha maji, yakigeuka rangi ya waridi klorini iko, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo klorini ilivyo nyingi.

Shirika la Afya Duniani linataka klorini iliyobaki isipungue miligramu 0.5 kwa lita baada ya nusu saa, kama pH ya maji iko chini ya 8. Na kwenye robine ya mwisho isipungue 0.2. Watu wa kiwanda wanaoshika maziwa ya chokaa wanajua pH kuliko sisi makarani. Wakumbuke tu kwamba ikipanda juu ya 8 klorini inakuwa mvivu. Nusu saa nayo ina hesabu yake: meta kyubiki 2,400 kwa siku ni 100 kwa saa, basi tangi la nusu saa ni la meta kyubiki 50. Lakini kama bomba la kuingia na bomba la kutoka yako upande mmoja, maji yatakata njia, na nusu saa yako itakuwa dakika chache. Tangi ni la 50 kwenye karatasi tu.

Na maji yawe meupe kwanza, kabla ya klorini, kwa maana kijidudu kinajificha ndani ya tope kama mwizi katika majani marefu. Wala klorini haiui kila kitu. Mwaka 1993 katika mji wa Milwaukee, Marekani, kijidudu kinachoitwa kriptosporidio kilipita katika machujio yaliyokuwa yanafanya kazi vibaya, na watu karibu 403,000 wakaugua. Klorini ilikuwamo. Kijidudu kile kina ganda gumu. Kinachokizuia ni chujio zuri na macho ya mtu anayelichunga.

Aliye Marekani atakuta hesabu hizi zimevaa nguo za galoni na pauni. Namba ya kushika ni 8.34, uzito wa galoni moja ya maji kwa pauni: milioni za galoni kwa siku, mara miligramu kwa lita, mara 8.34, unapata pauni kwa siku. Mabuku yanayosomwa sana kule kwa kazi hii yalitungwa katika chuo kikuu cha serikali ya jimbo huko Sacramento, California, chini ya uongozi wa Kenneth Kerri. Yanaeleza kwa maneno ya fundi, si ya profesa, na mtu anaweza kuyasoma nyumbani.

Tusisahau hatari ya kazi yenyewe. Mitambo mikubwa inatumia klorini ya hewa, katika mitungi. Hewa hiyo ni nzito karibu mara 2 na nusu kuliko hewa tunayovuta, inashuka chini na kutambaa kama moshi mbaya wa shimoni. Kwa hiyo tundu la kuitoa linakuwa karibu na sakafu, si darini. Kinyago cha kupumulia kinatundikwa nje ya mlango. Aliyekifungia ndani ya chumba kilekile amejitengenezea kaburi. Anayetafuta mahali panapovuja anapitisha amonia, na moshi mweupe unamwonyesha. Na anayeshuka ndani ya tangi la kuosha apime hewa kwanza: oksijeni ikiwa chini ya 19.5 kwa 100, asishuke. Mtu wa shimo hahitaji kuhubiriwa hapo.

Ukishinda hayo yote bado kuna swali la chupa, ambalo limewaangusha wengi wenye akili. Chupa inayopelekwa laboratwari kutafutiwa vijidudu ina dawa kidogo ndani yake ya kuzima klorini. Asiyejua anaisuuza ili iwe safi, anaimwaga dawa ile, na kipimo chote kimeharibika. Usafi wake ndio uliomponza.

Tufike kwenye lugha. Mtihani wa Kifaransa kitupu utampima mtu Kifaransa, hautampima maji. Tunataka maswali yaandikwe kwa Kiswahili pia, huku kwetu ambako ndicho kinachosemwa kazini, na sehemu moja ya mtihani ifanywe kwa mikono: mtu apewe maji, kidonge na kichupa, apime mbele ya mwamuzi. Lakini tusidanganyane. Maandishi kwenye pipa yatabaki ya Kifaransa au Kiingereza, na buku la zamu lazima liandikwe kila saa. Asiyejua kusoma aanze hapo, jioni, na sisi makarani tukae naye badala ya kukaa tukijisifu katika baa kwamba tumesoma. Na akina mama waitwe. Ni wao wanaobeba bidoni, wengi wao wanachunga robine za kartiye, na kidonge cha kupimia hakiulizi kama mkono ni wa mwanamume.

Katiba ya 2006, kipengele cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 iliiondolea Regideso haki ya kuwa peke yake, ikafungua mlango kwa mikoa, miji na watu wengine kuleta maji. Tunaupenda mlango huo, maana Regideso peke yake haikutufikia sote. Lakini mlango ukifunguliwa, anaingia fundi na anaingia pia mfanyabiashara aliyechimba kisima, akaweka tangi la plastiki juu ya miti minne, akaandika «maji safi» kwa rangi ya buluu. Wote wawili wafanye mtihani mmoja. Mkuu wa mkoa na wabunge wetu wanaweza kulianzisha jambo hili, na tutawauliza kila watakapokuja kutuomba kura.

Kwa wale wanaotaka kuanza leo jioni, hesabu hii. Tangi la kartiye lina meta kyubiki 30. Unga wa klorini ni wa 65 kwa 100. Mmepima mkaona maji yanakula miligramu 1.1 kwa lita, nanyi mnataka ibaki 0.5. Unga gramu ngapi? Aliyepata 48 amesahau pipa. Aliyepata karibu 74 aje Jumamosi amfundishe mwenzake.